Bibi Tsonka Apewa Amri ya Kupumzika

Amri ya kumpumzisha mama mkwe wangu ilitolewa kwa simu mwezi wa Aprili, kati yangu na wifi yangu Iskra. Yeye ndiye aliyeanza. Alisema, "Milena, safari hii mama hashiki mwiko. Akishika mwiko tu, mimi nafunga mizigo narudi kwangu." Nikamwambia sawa. Ni mara chache mno mimi na Iskra kukubaliana jambo, nikaona nisiichezee bahati.

Mama mkwe wangu anaitwa Tsonka. Ana miaka sabini na miwili, mfupi, mnene kiasi, na mikono yake ni kama ya fundi seremala. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mlinda geti kwenye kivuko cha reli, pale barabara ya kijiji inapokatana na njia ya treni ndogo ipandayo milimani. Treni zilikuwa nane kwa siku, nne za kupanda na nne za kushuka. Kila moja ilipokaribia, Tsonka alitoka kibandani, akazungusha mkono wa chuma mpaka geti likashuka, kisha akasimama wima kando ya reli hadi behewa la mwisho lipite. Siku za sikukuu treni zilijaa watu wanaokwenda kula kwao, kwa hiyo sikukuu ndiyo siku ambayo hakupewa ruhusa hata kwa kuombewa. Mume wangu Asen na dada yake Iskra walikua wakidhani kwamba sikukuu ni siku ambayo baba anapakua chakula, na mmoja wao anakimbia na sufuria hadi kibandani kabla haijapoa.

Baadaye likaletwa geti la umeme, kibanda kikatiwa kufuli, naye akastaafu. Nguvu zote alizokuwa akizimalizia kwenye lile geti akazihamishia jikoni. Nimeolewa kwenye familia hii miaka kumi na minne na sijawahi kumwona akikaa mlo mzima wa sikukuu. Hukaa ukingoni mwa kiti, kiupande, kama mtu anayesikiliza kitu kwa mbali, na kabla hujamaliza supu amekwisha kuinuka.

Mwezi wa Februari alipata kizunguzungu akaanguka kwenye banda la kuku. Daktari akasema ni presha, apunguze kazi. Tsonka akamjibu kwamba kazi alikwisha kuzipunguza zamani, hizi zilizobaki ni zile za lazima tu. Ndipo Iskra aliponipigia simu.

Mwaka huu sikukuu ya Mtakatifu Georgi iliangukia Ijumaa, kwa hiyo tulikuwa na siku tatu. Kwetu ni siku ya mwanakondoo, na pia ni siku ya jina, ambapo husherehekewa kila mwenye jina litokanalo na la mtakatifu huyo, akiwemo binti yangu Gergana, mwenye miaka kumi na miwili, ambaye siku hiyo hawezi kuambiwa kitu. Tulikwenda kijijini Alhamisi, mimi, Asen, Gergana na mdogo wake Boyan wa miaka minane. Iskra alikuja kutoka mjini Ruse na binti yake Niya, mwenye miaka minne, na kiti kimoja cha kukunja chenye mistari ya buluu na nyeupe.

Ijumaa asubuhi kiti kilifunguliwa barazani, chini ya mzabibu.

"Hiki nini?" Tsonka aliuliza.

"Kiti cha kupumzikia, mama."

"Hiki cha ufukweni. Bahari iko wapi?"

"We kaa tu."

Akakaa. Kiti kikammeza mpaka miguu ikabaki hewani. Alijaribu kujiinua mara moja, kisha mara ya pili, akatulia.

"Sasa humu natokaje?"

"Ndiyo maana nimekinunua," Iskra akasema.

Kisha akawaita watoto watatu akawapanga mstari kama askari. Kazi yao ilikuwa moja, kumlinda bibi asiinuke. Akiinuka, wapige kelele. Niya alipiga kelele papo hapo kwa kujaribu, mbwa wa jirani akajibu, nasi tukaingia jikoni tukiwa na uhakika kwamba mambo yamekwisha pangika.

Sitaki kujidharau, mimi ni mpishi wa kawaida. Iskra naye ni mpishi wa kawaida, ila hajijui. Tulianza kubishana kuhusu wali wa kujaza ndani ya mwanakondoo, yeye akitaka uchemshwe kwanza, mimi nikitaka uingie mbichi. Nje, Asen alikuwa amepiga magoti mbele ya tanuri la udongo akipuliza moto, na moshi ulikuwa ukimfuata kila anakohamia.

Baada ya kama robo saa, Gergana akamwendea mikono nyuma, akasema taratibu, "Baba, kuni ulizoweka ni za msonobari. Nyama itakuwa chungu. Za mwaloni ziko nyuma ya banda, chini ya turubai."

Asen akamtazama. "Umejuaje?"

"Nimenusa."

Akazitoa zile kuni. Tulisifu sana pua ya mtoto. Muda si muda akaja Boyan, akasimama mlangoni, akavuta pumzi ndefu mara tatu, akaondoka bila kusema neno. Kisha akarudi akasema ini linakaangwa kwa moto mkali mno. Nikadhani watoto wamekua ghafla. Hata Iskra aliniambia kwa sauti ya chini, "Hawa wako wana akili ya jikoni, sijui wameitoa wapi." Nilifurahi, nikapunguza moto.

Kumbe barazani serikali ilikuwa imepinduliwa zamani. Tsonka hakuwa ameinuka hata mara moja, na walinzi hawakuwa na sababu ya kupiga kelele. Alikuwa amelala ndani ya kile kiti kama mkubwa wa ofisi, akigawa kazi. Boyan alikuwa wa kunusa. "Mchumba wangu," alimwambia, maana tangu Boyan azaliwe humwita hivyo, "hebu nenda ukaninusie, uje unieleze." Gergana alikuwa wa kuzungumza, kwa sababu siku ya jina lake hakuna ambaye angemkatalia. Niya alikuwa wa mizigo.

Hilo la Niya tulilijua mezani. Mwanakondoo alitoka vizuri kuliko tulivyostahili, ngozi imeiva hadi inavunjika, wali laini, na ndani yake harufu ya nanaa. Asen alikula akafumba macho. "Nanaa hii nani aliikumbuka?" akauliza.

Mimi nilimtazama Iskra, Iskra akanitazama mimi. Kila mmoja alikuwa tayari kuikubali sifa hiyo kwa unyenyekevu. Ndipo Niya, mdomo umejaa, akasema, "Mimi. Niliyaficha majani kwenye soksi, nikayatia kwenye wali. Bibi alisema nikikamatwa niyatafune."

Tsonka akajifanya anatafuta chumvi.

"Kwenye soksi," Iskra akasema.

"Safi zilikuwa," Tsonka akajibu. "Soksi nilimchagulia mwenyewe. Na nyie mngempika mwanakondoo vile vile bila nanaa mngekula nini? Mzoga."

"Mama, tulikuambia upumzike."

"Na mimi sikuinuka. Waulize walinzi."

Walinzi wakathibitisha kwamba hakuinuka. Iskra hakukasirika hasa, ila ana kichwa kigumu, na najua ni nani aliyemrithisha. Jioni ile akawaita watoto upya akawapa amri mpya. Kesho siku nzima hakuna kutumwa, hakuna kunusa, hakuna soksi. Jikoni hawakanyagi. Kazi yao ni kukaa na bibi, popote alipo wawe naye, wasimwache hata dakika moja.

"Popote?" Gergana akauliza.

"Popote."

Nilimwona Gergana akitazamana na bibi yake. Nilipaswa kushtuka pale pale.

Jumamosi, baada ya chai, nyumba ilitulia kabisa. Mimi na Iskra tulikuwa tunaosha masufuria ya jana, Asen anarekebisha bomba la bustani. Tulichungulia barazani, tukaona kilemba cha mama kimelala upande juu ya kiti na blanketi limefunika vizuri. Iskra akatabasamu. "Unaona," akaninong'oneza, "anajifunza." Tukashusha sauti. Hata vijiko tulivipanga polepole tusimwamshe.

Tulikaa hivyo karibu nusu saa. Kisha nikajiuliza watoto watatu wanawezaje kunyamaza nusu saa. Nikatoka. Chini ya kilemba kulikuwa na tikiti maji la plastiki la kuchezea, na chini ya blanketi mito miwili.

Asen alikimbilia mtoni. Iskra akafungua banda la kuku, akalifunga, akalifungua tena. Mimi nilikwenda kwenye uzio, ambako jirani yetu Mzee Lyuben alikuwa ameegemea akitutazama tangu mwanzo kwa furaha kubwa.

"Mzee Lyuben, hujambo. Umemwona mama?"

"Nimeambiwa nisiseme."

"Kwa hiyo unajua aliko."

"Nimeambiwa nisiseme kama najua."

Iskra akafika mbio. "Mzee, mama yangu ana presha. Sema."

Mzee Lyuben akafikiri, akakuna kidevu. "Mimi nimeahidi, na ahadi ni ahadi. Lakini ningekuwa ninyi, nisingepoteza muda mtoni." Akatoa saa yake ya mfukoni, akaitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, akaigeuza ili nasi tuione. Saa nne na dakika sita. Kila mtu kijijini anajua treni ya kupanda huondoka saa nne na kumi.

Tulijitupa garini. Kituo kiko chini ya kijiji, ng'ambo ya kivuko, na kwa gari ni dakika tatu ukiwa huna haraka. Asen aliendesha kama mwizi. Tulipokata kona ya mwisho, kengele ya kivuko ikaanza kulia, taa nyekundu zikawaka, na geti la umeme likashuka taratibu mbele ya pua ya gari letu.

"Pita chini," Iskra akasema.

"Una wazimu? Kwenye kivuko cha mama?"

Treni ikaja. Ni mabehewa matatu tu, yanapanda kwa kishindo kidogo, mtu mwenye afya anaweza kukimbia nayo sambamba. Kwenye behewa la pili, dirisha limeshushwa, vichwa vinne vimepangana kwa urefu, mdogo kabisa mbele. Boyan na Niya walitupungia mikono yote miwili. Gergana alitupungia mmoja, kistaarabu. Tsonka hakupunga. Wala hakututazama. Alikuwa amefunga kilemba chake cha kanisani, na shingo ameigeuza upande wa pili, anaangalia kibanda kilichofungwa kwa kufuli, mpaka kikampita.

Treni ikaingia kwenye miti na miamba, kelele ikafifia. Geti lilipanda, lakini Asen hakuondoa gari. Iskra alikuwa ameshika dashibodi.

"Kapanda treni," akasema. "Mwanamke mwenye presha kapanda treni na mwanangu."

"Treni ina viti," nikasema.

Tuliifuata. Barabara ya milimani inaizunguka reli kama nyuzi mbili zilizovurugika, mara unaiona treni juu yako, mara chini, mara imeingia kwenye handaki na kutokea upande usioutegemea. Tuliwapata stesheni ya tatu, ile ya juu, ambako treni hukaa muda kungoja ya kushuka ipite. Walikuwa wamekaa wanne kwenye benchi juani, kila mmoja na aiskrimu. Niya alikuwa na yake usoni.

Iskra alishuka kabla gari halijasimama vizuri. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, nilimsikia akiyajaribu.

"Mama, hivi wewe..."

"Shangazi," Gergana akamkatiza kwa upole mwingi, "ulisema tusimwache hata dakika moja. Hatukumwacha."

"Popote," Boyan akaongeza.

Iskra akabaki na kidole hewani. Aliangalia watoto, akaangalia mama yake, akatafuta wa kumlaumu akamkosa. Nikaanza kucheka, na nilipoanza mimi Asen naye akashindwa. Mwishowe Iskra akakaa kwenye benchi, akanyoosha mkono. "Nipe nami nilambe," akamwambia Niya.

"Umetuogofya, mama," Asen akasema. "Ungetuambia tungekuleta kwa gari."

"Kwa gari ningeonaje?"

"Kuona nini?"

Tsonka alikula ile koni mpaka mwisho, akafuta vidole kwa leso, kidole kimoja kimoja. Alikwisha kupanda treni hii, alituambia, tusidhani hakuwahi. Alipanda kwenda kujifungua, akapanda kwenda kutafuta karatasi za mazishi ya mumewe. Lakini siku zote kuna jambo lililomkaba, hata dirishani hakutazama. Na siku ya sikukuu hajawahi kupanda kabisa.

"Mwaka ule Iskra ana miaka sita," akasema, "siku ya Mtakatifu Georgi, nimesimama pale na mvua. Baba yenu alikuwa na homa, chakula hakikuja. Treni ya mchana ikapita imejaa, watu wanaimba. Mara kwenye dirisha moja ukatoka mkono, ukanirushia kitu, kikadondoka miguuni pangu. Kimefungwa kwa gazeti. Nikafungua, ni mbavu za kondoo, za moto bado, na kipande cha mkate."

"Nani alirusha?" Boyan akauliza.

"Sijui, mchumba. Niliona mkono tu. Wa mwanamke, una bangili."

"Hukumuuliza?"

"Ningemuulizaje, naye anakwenda na treni?" Akacheka kidogo. "Miaka yote hiyo nilikuwa nadhani, basi, mtu kaniona nimelowa, kanihurumia, kanirushia alichokuwa anakula. Leo nimekaa pale dirishani. Mmeona kibanda kinavyopita? Ukihesabu mpaka nne, kimekwisha. Huwezi kumwona mtu, ukamhurumia, ukafunga nyama kwenye gazeti, ukafungua dirisha. Hakuna muda huo." Akakunja leso. "Yule mama alikuwa amefunga kabla. Alitoka kwao anajua nitakuwepo."

Iskra alikuwa ameacha aiskrimu ya Niya ikimtiririkia mkononi. Mimi nilimfikiria yule mwanamke wa bangili akifunga gazeti jikoni kwake, labda mama mkwe wake akimuuliza hiyo nyama ni ya nani.

"Haya," Tsonka akasema, "treni ya kushuka ile inakuja. Tuna tiketi za kwenda na kurudi, siziachi."

Asen alirudi na gari peke yake. Mimi na Iskra tulipanda pamoja nao, bila tiketi. Kondakta alipomwona Tsonka akavua kofia. Aliwahi kupita mbele yake maelfu ya mara, akasema, na hajawahi kusikia sauti yake. Tsonka akamwambia sauti yenyewe ndiyo hii, na hawa wawili wakubwa ni wanawe, wamepotea njia, awakatie tiketi.

Boyan hakukaa. Tangu handaki la kwanza alikuwa dirishani na andazi la jibini alilonunuliwa stesheni, amelifunga kwenye karatasi, analikunja na kulikunjua. "Bado, bibi?" Bado. "Sasa?" Bado, mpaka tupite daraja. Asen alikuwa ametutangulia, na kwenye kivuko geti lilikuwa limemzuia kwa mara ya pili siku hiyo. Alikuwa ameshuka, ameegemea gari, anapiga miayo.

"Sasa," Tsonka akasema.

Andazi likaruka. Likampata Asen hapa, katikati ya kifua. Tukamwona akishika kifua, akitazama chini, akitazama treni, na kabla hatujapotea kwenye kona alikuwa ameinama kuliokota.

"Umefunga vizuri," Tsonka akamwambia mjukuu wake. "Halikupasuka."

Jumapili hakuamka. Saa mbili ikafika, saa mbili na nusu, mlango wake bado umefungwa. Iskra alisimama nje ya mlango akisikiliza, akanipungia mkono niende nisikilize nami. Tulimsikia akikoroma, kwa raha, bila haraka yoyote. Tukarudi jikoni tukakaanga maandazi wenyewe. Yalitoka magumu, na moja lilipodondoka sakafuni Niya alidhani ni jiwe. Tsonka alitoka saa tatu na robo, nywele zimesimama, akala matatu na mtindi. Tulisubiri aseme kitu juu ya unga au mafuta. Hakusema. Aliomba chai nyingine, na alipoletewa akashukuru, akaendelea kumsikiliza Niya aliyekuwa akimweleza ndoto ndefu yenye farasi.

Mchana tukafunga mizigo. Kila mwaka huwa yeye ndiye anayepakia chupa za achari na asali kwenye gari, maana anasema sisi hatujui kupanga. Safari hii alibaki kwenye kiti chenye mistari, miguu juu, akimtazama Asen akipakia. Asen alipanga vibaya. Chupa kubwa aliziweka juu ya ndogo, nasi sote tulijua zitagongana kwenye kona ya kwanza. Tsonka alifungua mdomo, akaufunga.

"Mama," Iskra akasema akimbusu, "mwezi wa tisa, sikukuu ya taifa ya tarehe sita, nakuja tena. Utatulia?"

"Nitatulia," Tsonka akasema. "Gergana ameshaniandikia saa za treni."